Rolex bandia ya nini? Saa za kuunda mwenyewe na majira ya Buna

Ukitaka kujua kama saa yako ya mkononi ina maana, usiivae Westlands. Ivae Buna. Huku hakuna atakayeinama kusoma jina lililoandikwa usoni mwake. Utaulizwa swali moja tu, "Saa ngapi?", na ukichelewa kujibu, aliyekuuliza atatazama jua na kujijibu mwenyewe. Mara nyingi atapata.

Kwa asiyejua, Buna ni mji mdogo ulio kaskazini mwa Kaunti ya Wajir, katikati ya mji wa Wajir na Moyale. Mama yangu ni wa huko. Mimi nimelelewa Eastleigh, Nairobi, na kwa miaka mitatu sasa uraibu wangu ni kuunda saa. Nanunua vipande, naviunganisha mezani, nabadilisha uso, akrabu, kioo na mkanda hadi nipate saa ambayo haipo dukani. Vijana wengi wanaofanya kazi hii huunda saa zinazofanana na zile za bei ghali, au zile za zamani za babu zetu. Sina ubaya na hilo. Ila kadiri ninavyozidi kutuma saa Buna, ndivyo ninavyoona kwamba ukiwa na uwezo wa kuunda chochote, kumuiga Mswisi ni kupoteza nafasi.

Wacha nianze na vyenyewe. Saa ukiifungua ina vitu vichache kuliko unavyodhani. Kuna kasha la chuma, kioo juu, mfuniko nyuma. Ndani kuna mashine, na hiyo ndiyo moyo. Juu ya mashine unakaa uso, kile kibati chembamba chenye nambari, na katikati yake vinachomoza vijiti vitatu, kimoja ndani ya kingine. Juu ya vijiti hivyo unabandika akrabu: ya saa, ya dakika, kisha ya sekunde. Pembeni kuna kifundo cha kuzungusha, ambacho tunakiita ufunguo. Basi.

Mashine inayopendwa sana na sisi wa mezani inaitwa NH35, inatoka kwa Seiko ya Japani. Haina betri. Ukitembea, kipande cha chuma chenye umbo la nusu duara kinazunguka ndani na kukaza springi. Ukiivua na kuiweka mezani itaendelea kwa takriban saa 41 kabla ya kusimama. Gurudumu lake la mizani linapiga mara 21,600 kwa saa, yaani mara sita kila sekunde, ndiyo maana akrabu ya sekunde inaonekana kama inateleza badala ya kuruka. Uzuri wake mkubwa zaidi ni vipimo. Uso wa milimita 28.5, tundu la akrabu ya saa milimita 1.5, la dakika 0.9, la sekunde 0.2. Vipimo hivyo vinajulikana kote, kwa hivyo mtu aliye Uchina anakata akrabu bila kunijua, mwingine anapaka nyuso rangi, na mimi Eastleigh nikiviweka pamoja vinaingiana bila kelele. Ni kama matatu: chesisi ni ya Isuzu, bodi imeundwa hapa Nairobi, na michoro ni ya kijana wa mtaani.

Mashine hiyo hunigharimu kati ya Sh5,000 na Sh6,000 hadi inifikie. Ukijumlisha kasha la kuridhisha, uso, akrabu na mkanda, saa nzima haishuki Sh13,000. Si pesa kidogo. Ndiyo maana nikiulizwa na anayeanza namwambia anunue kwanza mashine ya betri, Miyota 2035, ambayo ukiiharibu utalia kwa dakika mbili tu halafu maisha yaendelee. Betri yake, SR626SW, utaipata hata kwa wale mafundi wa kando ya barabara wenye meza za kioo.

Vifaa vingine ni kibano, bisibisi ndogo, lenzi ya jichoni, na kipulizio cha mpira cha kufukuza vumbi. Ujuzi nao uko kwenye video, bure. Kigumu kabisa ni akrabu ya sekunde. Kitundu chake hakitoshi hata unywele wa singa mbili, na ukikibonyeza kikiwa kimeinama kidogo tu, kazi imekwisha. Nikifika hapo huwa nazima simu na kupumulia pembeni.

Sasa, tatizo la uraibu huu ni kwamba vipande hivi hivi vinaunda pia saa za uongo. Kuna nyuso zinazouzwa zikiwa na taji tayari. Kuna makasha yaliyochongwa kwa mfano wa Submariner, saa ya wazamiaji ambayo Rolex iliitoa mwaka 1953 na ambayo huenda ndiyo iliyoigwa kuliko zote. Weka NH35 ndani yake na utapata saa inayotembea vizuri na kudanganya vizuri. Kuiga mtindo ni jambo moja: duru nyeusi, nukta nyeupe, akrabu nene, hayo yametumiwa na makampuni chungu nzima. Kubandika jina la mwenyewe juu ya kitu ambacho hakukiunda ni jambo jingine. Kenya ina Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi tangu 2008, na mamlaka nzima ya kuisimamia. Ilipotungwa iliweka kifungo cha hadi miaka 5 kwa kosa la kwanza, au faini isiyopungua mara tatu ya bei ya rejareja ya bidhaa yenyewe, kwa kila moja uliyokamatwa nayo. Kila moja, maze. Rolex pekee ninayoweza kukuuzia bila wasiwasi ni ile ya Kampala: mayai yaliyokunjwa ndani ya chapati.

Mwaka jana binamu yangu wa Buna alinipigia akitaka saa ya harusi yake. Alikuwa ameiona picha mahali, uso wa kijani, taji juu. "Niandikie hilo jina tu," akasema. "Nani atajua?" Alikuwa tayari kulipa Sh20,000, na wakati huo kodi ya nyumba ilikuwa imenishika koo. Nilimwambia nitamuundia kwa rangi ile ile na umbo lile lile, ila bila taji na bila jina. Simu ikanyamaza kidogo.

"Basi wakwe wataniona nimevaa saa isiyo na baba," akasema.

Saa isiyo na baba. Hayo maneno yalinikalia, kwa sababu kwetu jina si mchezo. Unajitambulisha kwa jina lako, la baba, la babu, na unarudi nyuma hivyo hivyo hadi anayekusikiliza ajue pa kukuweka. Kwa hivyo binamu alikuwa na hoja. Uso mtupu ni kama mgeni aliyeingia boma la watu bila kusema ametoka wapi. Lakini ukifuata hoja hiyo hiyo hadi mwisho, kujitwalia babu wa watu wengine ni aibu kubwa kuliko kunyamaza.

Nilimpelekea abti, mjomba wangu, kesi hiyo. Aliuliza, "Hilo jina Rolex ni la ukoo gani?"

Nikamwambia si ukoo, ni kampuni. Mwanzilishi alikuwa Mjerumani, Hans Wilsdorf, aliyeanza biashara London mwaka 1905, na baadaye ikahamia Uswisi. Jina lenyewe alilitunga tu.

Abti akacheka hadi akakohoa. "Kumbe hata yeye alitunga. Tungeni lenu."

Tukatunga. Nilinunua uso mtupu wa kijani hafifu na kuandika neno moja chini ya 12: BUNA. Kama unataka kujua jinsi inavyofanywa, unachapisha maandishi kwenye karatasi maalumu ya kuhamisha picha, unailoweka majini, ile ngozi nyembamba ya juu inateleza, unaiweka juu ya uso kwa kibano, unasubiri ikauke usiku kucha, halafu unapuliza vanishi isiyong'aa. Printa za kawaida hazina wino mweupe, na hiyo ndiyo sababu nilichagua kijani hafifu, ili herufi nyeusi zionekane. Jirani yangu Muethiopia alipoiona alidhani ni zawadi ya kampuni ya kahawa. Kwa Kiamhara na Kioromo, buna ndiyo kahawa. Nikamwacha na imani yake.

Saa za zamani nazo zina uongo wake, na huo ni mgumu zaidi kuutambua. Ukiingia mtandaoni kutafuta Seiko kuukuu utakutana na zile zinazotoka India, ambazo wapenzi wa saa huziita za Mumbai. Uso umepakwa upya, rangi ya chungwa au buluu ya kung'aa, maandishi yamepinda, akrabu zimetoka kwa saa nyingine kabisa. Nyingi zinatembea, bei yake ni rahisi, na kama muuzaji amekuambia ukweli hakuna shida. Si wote wanaosema. Huko juu kwa matajiri mchezo ni ule ule kwa pesa nyingi zaidi. Sultan Qaboos wa Oman aliagiza Rolex zenye nembo ya jambia usoni ili kuwazawadi watu. Leo zinatafutwa kama dhahabu, kwa hivyo kuna wajanja wanaochukua uso wa kawaida na kuuchapa jambia.

Nilikuwa nalijua hilo kwa kusoma tu, hadi abti aliponikabidhi saa yake mwenyewe.

Ni Seiko 5. Aina hiyo ilianza 1963, na tano yake ni ahadi tano: inajikaza yenyewe, siku na tarehe ziko katika dirisha moja, haipitishi maji, ufunguo wake umejificha kwenye saa 4, na kasha na mkanda wake ni imara. Abti aliinunua Jeddah alipokuwa dereva wa lori huko, kwa hivyo siku imeandikwa Kiarabu. Ilikuwa imelala ndani ya mkebe wa maziwa ya unga kwa zaidi ya miaka 10. Akanipa mkebe wote. "Abti," akaniambia (kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja, abti kwa abti), "hebu iamshe."

Ndani kulikuwa na mashine ya 7009 yenye vito 17. Mafuta yalikuwa yameganda kama gundi. Mpira wa kwenye ufunguo ulikuwa umekauka na kupasuka, na vumbi jekundu la Wajir lilikuwa limejipitishia hapo polepole hadi katikati ya gia. Mimi si fundi wa kiwango hicho. Najua kuunganisha, sijui kufufua. Nikampelekea mzee mmoja ambaye ana meza mlangoni mwa duka la nguo hapa Eastleigh, anayetengeneza saa tangu kabla ya baba yangu kuja mjini.

Nilidhani ataniambia nitupe kila kitu nibaki na kasha. Akakataa. Alisema tutafute 7009 nyingine mbovu, kwa kuwa saa mbili zilizokufa huzaa moja iliyo hai. Tukaipata, na tukachukua kwake springi kuu na gia moja ya tarehe. Akaifungua ya abti yote, akaiosha kwa benzini, akaipaka mafuta tone baada ya tone kwa ncha ya sindano. Ilimchukua siku mbili. Alitaka Sh2,500 na hakutaka kusikia habari ya kuongezewa.

Ubishi ulikuja kwenye uso. Ulikuwa wa rangi ya fedha, lakini ukingo wote umegeuka kahawia kama chai ya jana. Nilimtumia abti picha za nyuso mpya, moja ya buluu safi sana. Akanipigia papo hapo.

"Wacha huo."

"Abti, huu wako umechakaa."

"Hata mimi nimechakaa. Umebadilisha springi, sawa. Ukibadilisha na uso, ukabadilisha na mishale, utaniletea saa ya kijana wa Nairobi. Nitajuaje kwamba ni yangu?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina jibu la jumla. Tulichokubaliana ni hiki: kinachofanya saa itembee na kinachozuia vumbi kinaweza kubadilishwa, kinachotazamwa kibaki. Kioo pekee kilivunja mkataba kwa sababu kilikuwa na ufa. Sisemi hiyo iwe kanuni kwa kila mtu. Kuna nyuso zilizooza kiasi kwamba kuzipaka upya ni huruma. Ila aliyepaka aseme amepaka, hasa akiwa anauza.

Kuhusu vumbi, wacha niseme zaidi, maana Buna vumbi ndilo linaloamua saa itaishi au itakufa. Watu huuliza kuhusu maji: mita 50, mita 100, mita 200. Ndugu, utazama wapi? Maana ya namba hizo huku ni kwamba kasha lililofungwa vizuri dhidi ya maji limefungwa pia dhidi ya vumbi na jasho. Kwa hivyo natumia kasha lenye ufunguo wa kuskrubu, na kila mpira wa kuziba naupaka mafuta ya silikoni kabla ya kufunga. Mkanda ni wa nailoni. Ngozi ni maridadi picha ikipigwa, lakini kwenye joto la huko inakunywa jasho na kunuka, na bado hujamaliza msimu. Nambari zinapakwa rangi inayong'aa gizani, ile ya kisasa inayonyonya mwanga mchana na kuurudisha usiku. Mwanga wa mchana Buna si kitu cha kukosa.

Hapa naomba nitoe tahadhari moja kwa wanaopenda saa kuukuu za kijeshi. Rangi ya zamani ya kung'aa ilikuwa na radiumu, ambayo ina mionzi. Haing'ai tena lakini mionzi ipo. Usifungue saa kama hiyo ukaanza kukwangua uso wake kwa ukucha.

Saa za kijeshi zenyewe ni kichekesho ukizitazama kutoka Buna. Huo ndio mtindo unaopendwa sana sasa: uso mweusi, nambari kubwa nyeupe, mkanda wa kitambaa. Asili maarufu ya mtindo huo ni oda ya serikali ya Uingereza kwa makampuni 12, yakiwemo Omega, Longines, IWC na Vertex. Saa hizo zilifika 1945 zikiwa na herufi W.W.W. nyuma, kumaanisha saa, ya mkononi, isiyopitisha maji. Leo watu hutoa pesa nyingi kwa moja, au huunda mfano wake, ili waonekane kama waliovuka jangwa.

Jangwa ndilo hili, na vita ilipita hapa kweli. Julai 1940 jeshi la Italia lililokuwa Ethiopia liliiteka Moyale na kusonga hadi Debel na Buna, karibu kilomita 100 ndani ya Kenya, kabla ya uhaba wa mahitaji kulizuia. Saa za W.W.W. zilikuwa bado hazijaundwa wakati huo. Lakini soma masharti waliyopewa watengenezaji: isomeke gizani, kioo kisipasuke ovyo, isipitishe maji, ivumilie kugongwa. Ni kama yameandikwa na mtu anayechunga ngamia. Kwa hivyo nikiunda saa ya aina hiyo kwa kijana wa malishoni sioni kama ninaigiza. Anayeigiza ni yule wa Kilimani.

Lakini kitu ambacho sijawahi kukikuta kwenye rafu ya duka lolote ni saa inayosema kama tunavyosema.

Hebu fikiria. Akrabu fupi iko kwenye 7, wewe unasema saa moja. Iko kwenye 10, unasema saa nne. Tangu utotoni tumezoea kusoma nambari ya ng'ambo, ile iliyo upande wa pili wa duara, na hatuoni ajabu yoyote. Waethiopia, hapo tu ukivuka mpaka wa Moyale, huhesabu vivyo hivyo. Wazungu wakisikia huona kama tumejichanganya. Mimi naona hesabu yetu ndiyo inayolingana na jua la hapa. Karibu na ikweta jua halina tabia ya kuhamahama. Buna, magharibi ya mwezi wowote na ya mwezi mwingine zinapishana kwa kama nusu saa hivi, hazizidi sana. Saa moja asubuhi inafika mchana ukiwa ndio umeanza. Kama kuna kilicho kichwa chini, ni nambari za kwenye uso.

Kuna njia tatu za kulirekebisha. Ya kwanza haihitaji hata bisibisi: rudisha saa nyuma kwa saa sita, basi. Akrabu itaelekea unachokitamka. Hiyo ndiyo tuliyotumia kwa Seiko ya abti, kwa kuwa hakutaka kitu kiguswe. Ina siri moja tamu. Mashine hubadilisha tarehe inapofika 12 yake ya usiku. Ukiipanga ili 12 hiyo iangukie saa kumi na mbili jioni, siku na tarehe zitageuka jua likizama, na kwa kalenda ya Kiislamu ndivyo hasa inavyotakiwa: Ijumaa huingia Alhamisi magharibi. Abti alipoona neno la Kiarabu likianza kusogea dirishani akiwa anatia udhu, aliwaita watoto wote wa boma waje watazame. Angalizo tu: gia za tarehe huanza kushikana saa chache kabla ya kugeuka na huachana saa chache baadaye, na ukizilazimisha wakati huo meno yanaweza kukatika. Kwa saa ya kawaida usirekebishe tarehe kati ya saa tatu na saa tisa usiku. Kwa saa iliyopangwa kama ya abti, iache kutoka saa tisa alasiri hadi saa tatu usiku.

Ubaya wa njia hiyo ni simu. Ujumbe wa M-Pesa unakuja na saa za Kiingereza, tiketi ya basi hivyo hivyo, na mtu kijana anaishi katika hesabu zote mbili. Binamu anafanya biashara ya kupokea na kutuma mizigo. Akikosea saa sita, ni lori limeondoka.

Kwake nilitumia pete ya nje. Saa za wazamiaji huwa na pete inayozunguka kioo, kwa kawaida ikiwa na dakika 60. Kuna nyingine huandikwa 1 hadi 12, kwa ajili ya msafiri anayetaka kufuata majira ya nchi ya pili. Nikaagiza hiyo, ikanigharimu Sh900. Izungushe nusu duara: 12 ikae chini, 6 ikae juu. Sasa akrabu ile ile fupi inaelekea 10 kwenye uso na 4 kwenye pete. Ndani Kiingereza, nje Kiswahili. Hakuna gia iliyoongezwa, hakuna kitu cha kuharibika. Na kwa sababu mwenyewe anaweza kuirudisha kwa kidole, siku akija Nairobi na kutaka ionekane ya kawaida, anaizungusha tu.

Sikuweza kwenda harusini. Nilichosimuliwa ni kwamba wakwe hawakuuliza jina wala bei. Waliuliza kwa nini nambari za nje ziko chini juu, na bwana harusi akaeleza, kisha akaeleza tena kwa waliokuja nyuma, hadi mzee mmoja upande wa bi harusi akaivua mkononi mwake, akaishika kwenye mwanga, na kumwuliza aliyekaa karibu naye kama amewahi kuona kitu hicho. Binamu aliirudishiwa baada ya kula. Inazidi sekunde 11 kwa siku, ambazo si nyingi ukikumbuka kwamba watengenezaji wanaruhusu NH35 ipungue sekunde 20 au izidi 40.

Ile njia ya tatu ndiyo iliyo mezani kwangu wiki hii. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi huko Buna aliyekuwa harusini anataka uso wenyewe uwe na duru mbili za nambari, zisizozunguka, ya nje kwa herufi nene za hesabu yetu na ya ndani kwa herufi nyembamba za Kiingereza, awe anaivua na kuipitisha darasani. Si rahisi. Ndani ya milimita 28.5 unataka nambari 24, alama za dakika na dirisha la tarehe, na bado isomeke na mtoto wa darasa la pili. Nimeshachapisha majaribio sita. Kwenye la mwisho, 10 na 11 za nje zinagusana na alama za dakika, na dirisha la tarehe linameza 9 yote. Basi la Wajir linaondoka Alhamisi usiku, kwa hivyo nina siku tatu za kupunguza herufi kwa nusu milimita, kuziba dirisha la tarehe, na kumwambia mwalimu kwamba tarehe ataisoma ubaoni.